Mtu wa Kopo la Mafuta

Mwalimu alistaafu na hamu moja tu: kuandika kitabu cha injini za mvuke, na humo kumrudisha baba yake, dereva aliyefariki yeye akiwa hajaota hata meno. Kwa miaka sita alifukua makaratasi ya reli mpaka wajukuu wakambandika jina la Bibi Garimoshi. Sasa kitabu kilikuwa tayari. Mchapaji, kijana wa rika la mwanawe, alikuwa akisubiri ruhusa yake tu, mwisho saa sita mchana.

Jaladani alisimama dereva mrefu, kofia imeshuka usoni, mkono juu ya kibao cha injini yake, namba kumi na nne. Picha hiyo ndiyo pekee ya baba waliyokuwa nayo. Ilining'inia sebuleni, na tangu utotoni Mwalimu aliiamkia kila asubuhi.

Siku hiyo alimwita Masizi, aliyekuwa mtia makaa wa baba yake, awe wa kwanza kukiona kitabu. Mzee akavaa miwani, akatazama jalada, akacheka hadi akakohoa.

"Hii si kumi na nne," alisema.

"Baba mdogo, si namba hiyo hapo?"

"Namba ndiyo, injini siyo. Mpiga picha alikuja kumi na nne ikiwa karakanani, imefumuliwa yote. Wakubwa wakasema tufungue kibao chake, tukifunge kwenye injini inayong'aa. Wakija wageni ndivyo tulivyofanya siku zote."

Mwalimu alikuwa ameijenga sura nzima ya nne juu ya picha ile. "Kwa hiyo baba alipiga picha na injini isiyo yake?"

"Nani, baba yako? Alikataa katakata. Alisema yeye hapigi picha na mke wa mtu." Mzee akaacha kucheka. "Nikavalishwa koti lake na kofia yake. Huyu ni mimi, mwanangu."

Mwalimu alitazama picha, akamtazama mzee, akarudi kwenye picha. Kidevu kilikuwa kile kile. Aliona aibu, halafu hasira, halafu hakujua anaona nini.

"Mama alisema baba yumo kwenye picha."

"Yumo. Kule nyuma, ameinama na kopo la mafuta kwenye magurudumu." Masizi akalisogeza jalada karibu na pua. "Mbona simwoni?"

Aliyemtoa ni Mwalimu mwenyewe. Wiki iliyopita alimwambia mchapaji amkate yule mtu wa nyuma, anaharibu picha.

Aliitoa picha ukutani, akampigia mchapaji simu.

"Mrudishe yule mtu mwenye kopo."

"Yule? Mwalimu, haonekani hata uso. Kwani ni nani?"

Mwalimu aliukazia macho ule mgongo ulioinama.

"Shikamoo," alisema, na upande wa pili wa simu kijana akababaika, asijue aitikie nini.