Mwalimu Asiye na Mahudhurio

Sera mpya ilifika hospitalini kwa karatasi moja tu, lakini ilimbana Shangazi: ndani ya miezi miwili kila fundi wa kushona awe na cheti, la sivyo aachie kiti. Shangazi wa wote huyo. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Kiti chake kilikuwa dirishani, katika chumba cha kushonea, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona hapo shuka za wodi na nguo za upasuaji. Bila kiti kile hakujua angekuwa nani.

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Akaenda chuo cha watu wazima, daftari kwapani, akakaa dawati la nyuma. Mwalimu hakutokea. Mkuu wa chuo alipochungulia, akamkuta anamtengenezea jirani cherehani iliyokuwa ikikata uzi.

"Shangazi, hebu nishikie hawa kidogo."

Kidogo hicho kikawa wiki sita. Kila asubuhi alisaini daftari la mahudhurio kwa madaha, palepale palipoandikwa "mwalimu". Alifurahi, tusimsingizie, nani angekataa kuitwa mwalimu ukubwani?

Siku ya vyeti yakasomwa majina kumi na manane. Lake halikuwemo.

"Huna mahudhurio hata siku moja," mkuu akamwonyesha daftari la mahudhurio.

"Si nilikuwa nafundisha?"

"Ndiyo maana. Anayefundisha hahesabiwi mwanafunzi."

"Basi nipeni cha ualimu."

"Hicho mpaka uwe na cha ushonaji kwanza."

Shangazi akalitazama daftari, akamtazama mkuu, akalirudia daftari. Akatoka bila kujua amkasirikie nani, maana mkuu mwenyewe alikuwa akijikuna kichwa.

Miezi miwili ilipokwisha, Jumatatu akaenda kazini kuchukua mkasi wake. Dirishani alikaa binti aliyekuwa dawati la mbele chuoni, cheti chake kimebandikwa ukutani.

"Mwalimu! Afadhali umekuja. Hii cherehani inaruka mishono, sijui nimekosea wapi."

Kosa alikuwa ameliona tangu mlangoni: sindano imewekwa kinyume. Mkono ukanyooka wenyewe, kisha ukasita. Akamgeukia msimamizi wa chumba, aliyeshika orodha ya mafundi.

"Naruhusiwa kumwonyesha?"

Msimamizi akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Hata sijui, Shangazi. Ngoja nikaulize."

Shangazi akangoja, amesimama, mkasi mkononi.