Ubeti wa Mfaume

Halmashauri ya kanisa iliukata utenzi wangu kama mtu anayekata kucha. Mara ya kwanza waliondoa beti za wamisionari, eti ni nyingi. Mara ya pili wakaondoa za mapadre wetu wa kutoka Masasi, maana waumini waliotoka Muheza walinung'unika kuwa wao hawamo. Mara ya tatu mwenyekiti, Mzee Albano, aliweka kidole juu ya ubeti mmoja.

"Huu nao utoke, Gaspar."

"Shikamoo, mzee, lakini huo ndio wenye ukweli."

"Marahaba. Utoke. Baba Askofu anakuja kuzindua kanisa, anataka historia ya dayosisi. Haji kusikia habari za Waislamu wa Temeke."

Dayosisi yetu ilikuwa changa, uhuru wenyewe ukiwa haujatimiza miaka kumi, na kanisa letu tulilijenga kwa kujitolea, mtaa mzima. Mzee Mfaume, Mzaramo asiyekosa msikitini, ndiye aliyepanda kuezeka. Bi Somoe, jirani yake, alibeba maji ya kukandia udongo. Albano mwenyewe alibeba kiti cha kukalia akitusimamia. Nilimezea. Nilitaka Askofu ausikie utenzi wangu, hata kama umebaki kipande.

Jumapili ilipofika, tukaharibikiwa kabla ya misa. Hatukuwa na kengele. Tulikuwa na rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo, na rimu hiyo tuliitumia pamoja na balozi wa nyumba kumi. Ikigongwa polepole, ni ibada. Ikigongwa mfululizo, ni kazi ya ujenzi wa taifa, kila nyumba itoe mtu na jembe. Mzee Marselino, mgongaji wetu, alipoona gari la Askofu linakata kona, furaha ikampanda mikononi. Akaipiga rimu kama nyumba inaungua.

Mtaa mzima ukaja na majembe.

"Leo Jumapili, jamani, mtaro gani huo?" Bi Somoe alifoka, karai kichwani. "Nyie mna wazimu?"

"Rudini, rudini!" Albano aliwapungia mikono kama anafukuza kuku. "Ni makosa ya Marselino!"

"Baba Askofu, asalaam," alisema Mfaume, akampita Albano na jembe lake begani. "Kanisa linavuja?"

Askofu, akishuka garini, alicheka, akasema wageni wasirudishwe. Wakajaa mlangoni na madirishani. Misa ikaisha, nikaitwa. Albano alinikazia macho. Nilisoma zile beti zake zilizonyolewa, nikafika pale penye pengo, nikawaona wale wawili mlangoni. Nikapaza sauti:

*Nani kakwea paani?*
*Mfaume wa Mtoni.*
*Nani na maji kichwani?*
*Somoe, jirani yetu.*

Albano akashika kichwa. Askofu akapiga makofi. Nikajua nimeshinda.

"Wa wapi?" ikatoka sauti mlangoni.

Vichwa vyote vikageuka.

"Wa Mtoni," nilisema.

"Mie wa Mtoni? Mie wa Kurasini, kijana! Babu yangu kazikwa Kurasini. Mtoni nina nini mie?"

"Mzee wangu, ni mizani. Mstari unataka silabi nane tu..."

"Kwa hiyo umenihamisha ili upate nane?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Somoe naye hakungoja zamu.

"Heri wewe, umepewa hata mtaa. Mie naitwa jirani tu! Maji yote yale, shingo imeingia mabegani, jirani!"

"Mizani hiyohiyo, Bi Somoe. Mstari haubebi zaidi."

"Mie nilibeba."

Askofu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nilipomwambia kuwa ulikatwa, aliniagiza niurekebishe ubeti ule, na wenyewe wakiridhika, nimpelekee utenzi wote, pamoja na beti zilizokatwa, uwekwe katika kumbukumbu za dayosisi. Zote! Albano alikohoa. Mfaume akaniambia nifike kwake kesho, anieleze alivyopanda, tangu ngazi ya kwanza.

Nilitoka pale na ushindi mdomoni, mchungu kama shubiri. Njiani nilihesabu kwa vidole: M-fa-u-me wa Ku-ra-si-ni. Silabi tisa, imezidi moja. Nikahesabu tena, imezidi moja vilevile. Na mzee yule angepungukiwa nini, kwa kweli, kama angezaliwa Mtoni?