Kanuni Sitini na Tatu za Masjala

Haya ni ya kweli, kweli ya kuapia, wala sikuyatia chumvi hata ile ya kuonja. Masjala ya ofisi ile ilikuwa na makabati mengi kiasi kwamba karani akiingia asubuhi kutafuta jalada, alitoka na ndevu. Aliyeijua njia ni mmoja tu, mzee waliyemwita Babu Faili, naye alikaa humo miaka thelathini na mmoja bila kupotea, ila ile wiki aliyomzika mkewe.

Sasa ofisi ikaamua kubadilika. Mkurugenzi akahutubia, watu wakagawiwa fulana, majalada yakaingizwa kwenye kompyuta. Wenzake Babu Faili wakahamia ghorofa ya juu penye kiyoyozi. Yeye akaachwa chini, amweleze afisa mabadiliko kila anachokijua kuhusu utoaji wa majalada. Alipewa miezi miwili, na akimaliza mapema, akabidhi funguo mapema, akapumzike.

Akapumzike na nani, hakuna aliyeuliza.

Afisa mabadiliko alikuwa binti mwenye kompyuta mpakato na adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua maarifa yako yasipotee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ni mengi."

Hayakuwa mengi. Zilikuwa kanuni tisa, na kufikia saa nne alishazimaliza. Binti akaanza kukusanya vitu vyake. Tangu Jumatatu aliyemsemesha mzee ni mlinzi wa getini tu, naye alisema, "Kitambulisho." Basi mzee akaongeza.

"Halafu kuna kabati la saba. Hilo hulifungui bila kubisha mara tatu."

"Kwa nini?"

"Mchwa. Ukiwaingilia ghafla wanakula kwa hasira."

Binti akacheka mpaka akafuta machozi. Akaketi tena.

Tangu hapo mzee akawa anatunga njiani akija kazini. Jalada la mstaafu husimama, la aliyehama hulala. La kijani halilazwi juu ya jekundu. Na majalada ya uhamisho hayatoki Alhamisi, kwani mkurugenzi mmoja wa zamani alihamisha watu wote Alhamisi moja, na yeye mwenyewe akajihamisha, ofisi ikabaki chini ya paka. Binti naye akamsimulia ya kwao, na ya mchumba asiyepokea simu. Kanuni zikafika sitini na tatu.

Kosa la binti lilikuwa uaminifu. Hadithi alizicheka akaziacha pale pale, kanuni akaziingiza kwenye mfumo.

Alhamisi ya wiki ya tano, muuguzi mmoja akashuka masjala na sare yake, pumzi juu juu. Mama yake alikuwa amepooza mji mwingine, hana wa kumgeuza kitandani. Kamati ya uhamisho inakaa saa nane, ikitoka hapo ni mpaka mwakani.

"Huko juu wananiambia mfumo umekataa, eti leo Alhamisi. Baba yangu, sheria hiyo kaiweka nani?"

Mzee akatazama saa. Ilikuwa saba na nusu. Angeweza kusema hajui, na kesho binti angekuja kama kawaida.

"Mimi," akasema. "Twende."

Alipanda ngazi ambazo hakuwahi kupanda tangu wenzake wahame. Akasimama mbele ya meza ya binti, makarani wote wakisikia.

"Mwanangu, ile ya Alhamisi ifute. Niliitunga."

Makarani wakaangua kicheko. "Babu, na mchwa je?" akauliza mmoja. Binti hakucheka. Alifuta, jalada likafunguka, muuguzi akaondoka mbio hata asante akaisahau.

Binti akavuta orodha nzima kwenye kioo. "Nyingine za kutunga ni zipi?"

Mzee angeweza kuzitaja kidogo kidogo, moja kwa siku, mpaka miezi iishe. Akavaa miwani. "Bakiza tisa za mwanzo. Zilizobaki zote futa."

"Kumbe ningemaliza siku ya kwanza."

"Kabla ya chai."

Binti alikuwa amekunja uso, lakini sauti ikalegea. "Ungesema tu unataka mtu wa kuzungumza naye. Ningekuja."

"Watu husema hivyo, mwanangu."

Binti akabonyeza kufuta mara hamsini na tatu, mzee akiwa amesimama pale akizihesabu, maana hakuona haki kuondoka kabla deni halijaisha. Kisha akavua funguo kiunoni, akaziweka juu ya meza.

Chini, alikibeba kiti alichokuwa amekiazima uhasibu wiki tano nyuma ili binti apate pa kukaa. Akakirudisha, akaomba radhi kwa kuchelewa nacho.

Mhasibu akakitazama kiti, akamtazama na yeye. "Hiki ni chetu? Wala hatukujua kama kilitoka."