Koti la Sara

Philomena alipotangaza kwamba vuli hii hanunui hata soksi, mumewe Zephania alipunguza sauti ya televisheni ili ahakikishe amesikia sawasawa. Julai walikuwa wamekwenda Dodoma kwenye harusi ya mdogo wake Philomena. Huko mama huyu alishona sare ya kamati, akashona sare ya ukoo, kisha akashona gauni jingine endapo angeombwa kusalimia waumini kanisani. Hakuombwa. Waliporudi Toronto kabati lilikuwa limefurika vitenge, pochi imesinyaa, na upepo wa mtaa wao wa Scarborough umeshaanza kuwapekua watu vituoni mwa basi.

"Wanawake wenye akili hawanunui siku hizi," alimweleza mumewe. "Wanabadilishana."

Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama. Jumamosi mchana, ukumbi mdogo wa chini kwenye jengo lao, kila mtu alete nguo za baridi asizozivaa, aziweke mezani, achague za wenzake na kuondoka amependeza bila kutoa senti. Kilicho mezani ni cha wote, alisisitiza, na kilichochukuliwa hakirudi. Aliongea kwa sauti ya huruma. Alitaja kulinda mazingira, alitaja upendo wa akina mama, alitaja hata wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Koti la Sara hakulitaja.

Sara alikuwa mhasibu, binti mpole wa Bukoba, wa aina ile ambayo ukimkanyaga mguu anakuomba radhi. Koti lake lilikuwa la sufu, rangi ya chai ya maziwa, refu kupita magoti, na kola inayosimama yenyewe. Baridi yote iliyopita Philomena alikaa benchi la nyuma yake kanisani akilitazama, na mahubiri ya msimu mzima yakampita. Kisha Jumapili moja Sara, akihangaika kulivua kwenye msongamano wa mlangoni, akasema, "Jamani, hili koti nimelichoka." Ni maneno ambayo mtu yeyote huyasema. Philomena aliyapokea kama wosia.

Jumamosi ilipofika alipanga meza mwenyewe. Mchango wake ulikuwa sweta lililofumuka kwapani, buti zenye zipu isiyofunga, na gauni zito la kijani ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni yake. Gauni hilo lilinyanyuliwa na Kawthar, jirani yake wa mlango wa pili, Mzanzibari asiye na haraka ya kusema wala ya kunyamaza.

"Shoga, hili si lile nililokuletea uliporudi Dodoma?"

"Ndilo."

"Hata hujalivaa."

"Nimelitunza. Nikaona kitu kizuri kama hiki, kukaa nacho peke yangu ni uchoyo."

"Basi nalichukua mimi," alisema Kawthar akilitia mkobani. "Krismasi nitakuletea tena."

Akina mama wakacheka. Philomena naye akacheka, kwa meno tu.

Sara alifika wa mwisho, amevaa koti lenyewe. Moyo wa Philomena ulipiga kama wa bibi harusi. Lakini Sara alifungua mfuko aliokuja nao, akatoa sketi, blauzi kadhaa na kofia ya kufuma, akavipanga mezani vizuri kabisa. Halafu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na joto la kuokea mkate, alivua koti akalitundika kwenye mgongo wa kiti kilichokuwa karibu, akaingia jikoni nyuma kuandaa chai. Hakuna mwingine aliyekuwa amekumbuka chai.

Koti likabaki peke yake, mkono wake mmoja umelala juu ya meza.

Philomena aliutazama mkono ule kama wakili anayetazama ushahidi. Kilicho mezani ni cha wote. Hayo aliyasema mwenyewe na watu wote waliyasikia. Mkono ulikuwa mezani. Je, mkono ukiwa wa wote, mwili wake utakuwa wa nani? Na huyu binti si alishasema mbele ya kanisa zima kwamba amelichoka? Labda aliona haya kulitoa hadharani. Labda alikwenda jikoni makusudi, ili mtu mwenye kuelewa aelewe.

"Jamani, nimeacha maharage motoni nyumbani!" alisema kwa sauti, akaliviringisha koti ndani ya kitenge na kutoka. Wenzake walikuwa wameinama juu ya jaketi jekundu wakigombania nani limkae, na hakuna aliyegeuka.

Nyumbani alisimama mbele ya kioo cha sebuleni. Mabegani koti lilikaa kama lililozaliwa naye. Tumboni lilikuwa na maoni tofauti.

"Hilo ni la Sara," alisema Zephania kutoka kwenye kochi.

"Lilikuwa la Sara."

"Amekupa?"

"Hakunikataza."

"Ulimuuliza?"

"Angalia mpira wako, Zephania."

Alivuta pumzi, akaibana, akafunga kifungo cha juu. Akafunga na cha pili. Cha tatu kiliingia kwa kusukumwa, na Philomena alijitazama akajiona mke wa balozi. Kisha akapumua. Kifungo kiliruka, kikagonga kioo, kikapotelea chini ya kochi. Kabla hajajua la kufanya, kingine kikakifuata.

Hapo ndipo koti lilipoanza kuimba. Ilikuwa kwaya, sauti zote nne, kutoka mfuko wa ndani.

"Mfuko unaimba," alisema Zephania.

Philomena aliingiza mkono akatoa simu ya Sara. Kwenye kioo chake lilimeta jina la Kawthar. Pamoja na simu zikatoka funguo za nyumba na kadi ya basi. Alizikodolea macho. Kumnyang'anya mtu koti alikuwa ameshakupatia jina zuri, lakini kwa kumwacha mtu bila funguo wala nauli hakupata jina lolote. Kwaya ikanyamaza, ikaanza upya. Mara akasikia lifti ikifunguka na sauti ya Kawthar koridoni ikisema taratibu, "Sikiliza. Inalia humu humu."

Mlango ukagongwa. Philomena alimwashiria mumewe asifungue. Zephania aliinuka akaenda kuufungua kwa wepesi ambao hajawahi kuuonyesha kwa kazi yoyote ya nyumba ile.

Wanawake wawili wakasimama mlangoni. Philomena alikuwa katikati ya sebule ndani ya koti, simu inaimba mkononi.

"Afadhali mmekuja!" alisema. "Nilikuwa nalitunza. Ukumbi ule anaingia kila mtu."

"Unalitunza kwa kulivaa?" aliuliza Kawthar.

"Lifti ina baridi."

"Na maharage?"

Philomena alimgeukia Sara akisubiri lile tabasamu lake la kusamehe kila kitu, na tayari alikuwa ameandaa uso wa kulipokea. Sara hakutabasamu. Alitazama koti kuanzia kola mpaka tumboni, palipobaki nyuzi zinaning'inia.

"Vifungo vyangu viko wapi?"

Hakuna aliyewahi kumsikia akiongea hivyo. Zephania alipiga magoti akaanza kukwangua chini ya kochi kwa rula. Philomena alijaribu kulivua koti, mikono ikakwama, ikabidi Kawthar amvute upande mmoja na Sara upande mwingine, naye katikati akizunguka na kuomba wasilichane.

"Nitakushonea Jumapili, mdogo wangu," alisema akihema. "Nitakuletea kanisani."

"Sasa hivi, dada," alijibu Sara, akavuta kiti akaketi. Kawthar naye akaketi. Zephania akaweka vifungo viwili mezani na, bila kuambiwa, akaenda kuchemsha chai.

Philomena alileta sindano na uzi. Uzi ulikataa kuingia tunduni. Aliulamba, akaukosa, akaulamba tena, na hakuna aliyejitolea kumsaidia. Alitaka kusema jambo kuhusu upendo wa akina mama, lakini kila alipoinua kichwa alikutana na macho ya Sara, akainama. Alishona kifungo cha kwanza. Sara alikivuta kwa vidole viwili, akasogeza koti kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha mapajani mwa Philomena.

"Umekiweka juu mno. Fumua."

Philomena akafumua.