Mguu Uliobweka

Fundi wa viti alikuwa amepiga magoti dukani kwake, chini ya jengo la ghorofa, mbele ya kochi la mwenyekiti wa kamati ya wakazi, anang'oa misumari kwa koleo na kuitupa ndani ya kopo tupu la maziwa. Mkono mmoja wa kochi ulikuwa umetafunwa mpaka ubao ukatokeza. Sponji ilikuwa imechimbwa kwa bidii, na kitambaa kilikuwa kimejaa manyoya meupe, mafupi. Fundi aliyapangusa. Kochi hilo lilikuwa linamrudia kila baada ya miezi michache, na mteja ni mteja.

Chini ya meza ya kukatia vitambaa alikuwa anakoroma Godoro, mbwa wake. Godoro alikuwa wa jamii ya vichwa-sanduku: kifua kipana, shingo isiyojulikana inaanzia wapi, taya kama droo iliyokataa kufunga vizuri. Aliitwa Godoro kwa sababu kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kulaliwa. Watoto wa ghorofani walishuka na madaftari yao wakamwegemea, na paka wa jirani alikuwa na mahali pake maalumu mgongoni. Alikuwa bado mtoto alipoletwa na marehemu mume wa fundi, aliyembeba ndani ya koti. Alipokuwa anaota meno aliwahi kumng'ata fundi kiganjani kwa bahati mbaya, wakigombania kipande cha sponji, na chini ya kidole gumba likabaki kovu dogo. Mume alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

Ukimwondoa fundi, mtu ambaye Godoro alimpenda kuliko wote alikuwa mdogo wa huyo marehemu mume, bondia mstaafu aliyeitwa Nyundo, ambaye alikaa ghorofa ya tatu na kufundisha vijana mazoezi uwanjani. Hata akiwa usingizini, Godoro akisikia nyayo za Nyundo kwenye ngazi, mkia wake ulipiga sakafu, pu, pu, pu, kisha usingizi ukaendelea.

Asubuhi hiyo mkia ulipiga sakafu kama kawaida. Nyundo alishuka anachechemea, soksi imelowa damu. Vijana wake wakamzunguka.

"Kocha, nini tena?"

"Mbwa."

"Mbwa gani?"

Mbwa mwenyewe alikuwa Lulu wa mwenyekiti, mweupe, wa kimo cha birika. Walikutana kwenye kona ya ngazi za ghorofa ya pili. Nyundo alimsalimia vizuri tu, naye Lulu akamshika mguu juu ya kisigino, akaridhika, akarudi kwao. Lakini Nyundo aliwatazama wale vijana, ambao wengi walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya ngumi yake, na jina la Lulu hakulitaja. Hakusema uongo. Alifanya jambo jepesi kuliko kusema uongo: aligeuza macho kuelekea mlango wa fundi. Vijana nao wakageuza macho. Godoro alikuwa bado amelala chini ya meza, ulimi nje.

"Si nilisema!" alisema mmoja, ambaye hakuwahi kusema.

Inajulikana kwamba kidonda cha kung'atwa na mbwa hubweka. Si vyote; vingine, hasa vidogo, hupona kimya kimya, na hapo ndipo Nyundo alipoweka matumaini yake. Vile vinavyobweka hubweka kwa sauti ya mbwa mwenyewe, hupenda anachopenda na kuchukia anachochukia, mpaka vipone. Wauguzi huwashauri wagonjwa wavae nguo nene wakienda msibani. Mbwa akifa, alama yake popote ilipo huanza kukoroma, hata ikiwa ilishapona zamani na kuwa kovu. Hiyo haimsumbui mtu, na wapo wanaosema inawaletea usingizi.

Mwenyekiti, mama aliyestaafu ualimu mkuu, alikuwa na siku nyingi anatafuta sababu ya kuitisha kikao kuhusu vichwa-sanduku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kweli kwa ajili ya watoto, na alinyoosha rula yake juu ya kila jambo mpaka likanyooka. Jioni hiyo tangazo lilibandikwa karibu na mita za umeme: kikao kitafanyika, aina ya mbwa walio hatari itajadiliwa, na gari la manispaa limeshaarifiwa.

Fundi alilisoma akiwa na pini mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye kola, akapanda ghorofa ya tatu.

"Shemeji," alisema, "niambie wewe kwa mdomo wako. Godoro kakuuma?"

"Shemeji, mambo yenyewe yalikwenda haraka mno."

"Meno ya Godoro nayajua. Nionyeshe huo mguu."

Nyundo akaurudisha mguu chini ya kiti. Hapo ndipo kidonda kilipofungua mdomo. Kutoka ndani ya suruali ikatoka sauti nyembamba, ya haraka haraka, kama mtu anayekatakata bati. Waliisikiliza mpaka ikaisha.

"Huyo ni Lulu," alisema fundi.

"Ndiye."

"Utasema?"

"Shemeji, mimi ni Nyundo. Nimepigana na watu wenye mikono kama nguzo za umeme. Leo nisimame mbele ya watu niseme nimetolewa damu na kitu unachoweza kukibeba kwenye kikapu cha vitunguu?"

"Ni mbwa wa kaka yako, shemeji."

Nyundo alitazama sakafu. Alisema atasema, ila hakusema lini. Fundi aliteremka ngazi akiwa na hasira, akakaa sakafuni kando ya Godoro, akaweka kichwa chake pale paka alipozoea kuweka chake.

Siku zilizofuata Nyundo aliufunga mguu kwa bandeji, juu yake taulo, juu yake soksi ya mpira. Haikusaidia. Mguu uliwabwekea wasambaza barua. Ulibwekea ufagio. Wakati wa mazoezi, vijana wakihesabu, nao ulihesabu. Kibaya zaidi ulimpenda mwenyekiti. Kila alipopita mama huyo mlangoni kwake na viatu vyake vya kisigino kifupi, mguu wa Nyundo ulilia kwa furaha na kukwaruza ubao, na Nyundo ilimbidi aushike kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti alikuwa akijibu salamu hiyo kwa upole, "Haya, haya, mpenzi," kisha akaendelea na safari yake. Jengo zima lilijua ni sauti ya nani. Walimwambia Nyundo pole, wakamshauri apake majivu.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti. Watu walikalia viti vya plastiki kwa sababu kochi lilikuwa bado kwa fundi. Lulu alikuwa kwenye mto wake karibu na pazia. Alialikwa pia daktari wa mifugo, mwanamke mtaratibu mwenye buti za mpira, ambaye aliomba asikae kwenye zulia.

"Daktari," alisema mwenyekiti, "tuambie bila kuficha. Kichwa-sanduku ni hatari kuliko mbwa wengine, au si hatari?"

"Akikuuma kichwa-sanduku utashonwa," alisema daktari. "Akikuuma mdogo utapakwa dawa. Taya kubwa ni taya kubwa, siwezi kuwadanganya. Ila mbwa wanaoletwa kwangu kila wiki kwa kuwa wameuma mtu, wengi ni hawa wa kupakwa dawa. Na mbwa aliyefungwa mnyororo au kupigwa atauma, awe na kichwa cha umbo lolote. Huyu Godoro nimemchanja mara zote. Alilala wakati namchoma sindano."

"Kwa hiyo taya ni hatari."

"Taya, ndiyo. Lakini taya haliendi peke yake, lina mwenyewe."

"Katibu, andika: taya ni hatari."

Mguu wa Nyundo, uliokuwa umetulia kwa adabu tangu mwanzo, ulisikia sauti ya mwenyekiti kwa karibu ukashindwa kuvumilia. Ulibweka kwa shangwe. Lulu aliinua masikio akajibu. Kidonda kikajibu tena, na kwa muda hapakuwa na nafasi ya mtu kuzungumza. Wajumbe walisubiri. Mmoja alitumia nafasi hiyo kunywa maji.

Kulipotulia, Nyundo alikuwa amesimama. Jasho lilimtiririka kama yuko raundi ya mwisho.

"Ni Lulu," alisema. "Ndiye aliyeniuma. Godoro hajanigusa, hajamgusa mtu yeyote. Niliona aibu. Ndiyo hivyo tu, niliona aibu."

Vijana wawili waliovaa fulana za ngumi walitazamana na kufunga zipu za majaketi yao. Hakuna aliyemcheka, na Nyundo angependa wacheke. Fundi alivuta pumzi, ya kwanza iliyofika chini tangu tangazo libandikwe.

"Tumesikia wote," alisema mwenyekiti. "Tunakushukuru kwa kusema kweli, si jambo rahisi. Lakini kikao hiki hakikuitwa kuamua nani kauma. Kimeitwa kuamua mbwa wa aina gani ni hatari."

"Na huyo aliyeuma?" aliuliza fundi.

"Lulu si wa aina inayouma."

Kidonda kikabweka. Lulu akajibu. Mwenyekiti aliwangoja wamalize, kisha akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Walinyoosha karibu wote. Wengine walikuwa wazazi wa watoto waliomwegemea Godoro wakisoma, na walinyoosha wakiwa wameinamisha macho, maana unajuaje, na mtoto ni mtoto. Daktari wa mifugo alivaa kofia yake akaondoka bila kumaliza chai.

Gari la manispaa lilikuja mchana, wakati jua linaingia mpaka katikati ya duka. Wafanyakazi walikuwa na fimbo yenye kitanzi, lakini haikuhitajika. Godoro alinusa gurudumu, akapanda mwenyewe, akajilaza. Mmoja wa wafanyakazi aliyekaa naye nyuma alionekana ameshamwegemea kabla gari halijafika kwenye kona. Fundi alisimama barabarani na mkasi mkononi mpaka mtu alipompigia honi.

Alipoulizia, aliambiwa vichwa-sanduku hukaa huko kwa muda, wakisubiri mtu wa mbali wa kuwachukua, na asipopatikana hupigwa sindano. Fundi aliuliza kwa kila mteja mwenye shamba. Nyundo alikwenda manispaa akapandisha suruali mbele ya karani. Karani alikiinamia kidonda, akakisikiliza kwa makini, akakubali kwamba huyo aliyeuma ni mbwa mdogo kabisa, labda mweupe. Kisha akasema ofisi yake hupokea mbwa kwa jamii, haipokei kwa makosa. Nyundo alikwenda tena, na tena, mpaka kidonda kikapona na akawa hana cha kuonyesha.

Fundi alikuwa anamalizia kochi la mwenyekiti. Alikuwa anashona pindo la mkono uliotafunwa, kwa ile sindano iliyopinda, kiganja chake kilipoanza kukoroma. Alisimamisha sindano. Ulikuwa mkoromo wa mchana, ule wa kukwama kidogo katikati, kisha kuachia. Alikaa sakafuni, akajivuta mpaka chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye nafasi iliyokuwa bado na manyoya ya kahawia, akalia huku ameweka kiganja sikioni. Alilia kwa ajili ya mbwa na kwa ajili ya mtu aliyemleta ndani ya koti. Baadaye alitoka, akamaliza pindo. Alilishona vizuri, na alijichukia kwa jinsi alivyolishona vizuri.

Nyayo zikasikika kwenye ngazi. Mkoromo ulikatika. Ndani ya kiganja, chini ya kidole gumba, kitu kikapiga, pu, pu, pu, kisha mkoromo ukaendelea.

Nyundo alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Kakusikia unakuja," alisema fundi.

Nyundo aliingia. Alikaa kwenye kiti kisichokuwa na sponji, juu ya springi tupu, na fundi hakumwambia kwamba kile si cha kukalia. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana. Yeye alichambua misumari iliyonyooka na iliyopinda, na kila alipoingia kovu lilimpokea, bila kukosa, jambo ambalo lilimuuma Nyundo kuliko kitu chochote alichowahi kupigwa nacho.

Mchana mmoja mchora vibao aliingia akiwa ameshika brashi kwa mkono wa kushoto. Kamati ilikuwa imemwita aandike tangazo la kudumu la kupiga marufuku vichwa-sanduku kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi ya mafuta. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinabweka kwa sauti nyembamba, ya kukata bati.

"Samahani, mama. Una kitambaa nifunge hapa? Kananipigia kelele, herufi zinakwenda upande."

Fundi alikata kipande cha pamba nzito, akamfunga, akapiga fundo mara mbili. Mchora vibao aliinamisha kichwa, akasikiliza mkono uliokuwa unamfunga.

"Na wewe unaye? Huyu amelala kabisa. Wa aina gani?"

"Kichwa-sanduku."

"Oo. Pole sana, mama." Alijaribu vidole, akaona vinakunjika vizuri. "Wale kweli ni hatari."

Kifundo chake kilibweka ndani ya kitambaa. Akakipigapiga kidogo kukituliza, akashukuru, akatoka kwenda kumalizia neno la mwisho.