Nyayo Kwenye Shuka la Mama

Mtaani walimwita Mama Pasi, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa, na hata gauni lake la kwendea dukani lilinyooshwa likanyooka. Kazini alisoma madoa kama wengine wanavyosoma magazeti. Hili ni la chai. Hili ni damu, na kuna mjinga kaisugua kwa maji ya moto. Hili ni wanja wa mgeni aliyelala akilia. Wasichana waliofanya kazi chini yake walisema kwamba ukimficha Mama Pasi doa, atakwambia hadi ulikuwa umekaa na nani. Alizisikia hizo porojo, akajifanya hazisikii, na moyoni zikampendeza sana.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwekea nyayo za mbwa kwenye shuka jeupe, usitegemee amani.

Mbwa alikuwa wa jirani, mzee mjane aliyestaafu kuendesha malori, ambaye kila mtu alimwita Dereva. Mbwa mwenyewe aliitwa Spea, kwa sababu, alisema Dereva, hakuna safari ya maana bila spea. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, na ua wa Dereva haukuwa na lango. Kila jioni Mama Pasi akirudi kazini alikuta shuka kwenye kamba ya nyuma lina nyayo, wakati mwingine hafifu, wakati mwingine wazi kabisa. Alikwenda kwa Dereva akalalamika kwa upole. Dereva akaomba radhi, akasema atamfunga. Kesho yake, nyayo. Akaenda tena, safari hii bila upole, na Dereva akaomba radhi vilevile, akivitazama viatu vyake.

Hasira ya Mama Pasi ilikuwa na sababu. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga, na tangu atoke hospitali alikuwa akiishi hapo kwake. Mume wa Mama Pasi alifanya kazi mbali, mtoto wao yuko chuoni, kwa hiyo mama alishinda peke yake. Peke yake, ndiyo, lakini hakukosa kitu: chupa ya chai mezani, chakula kimefunikwa, redio karibu na mkono, fimbo kando ya kitanda, choo cha ndani. Kila asubuhi Mama Pasi alimsimamisha mama yake akashikilia kabati, akatoa shuka la jana, akatandika safi, akalifua lile la jana na kulianika, kisha akatoa maagizo. Usitoke nje. Usibebe kitu kizito. Usifue. Mama alijibu, "Sawa, mkubwa." Zamani alikuwa akimwita mwanangu. Siku hizi, kwa utani, alimwita mkubwa, na binti alicheka huku akitafuta mkoba.

Alichokiogopa ni mbwa kuingia ndani siku moja akamrukia mama na kumwangusha. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akianguka tena hatainuka. Alimweleza mama hofu hiyo, na mama akasema mbwa ni mnyama tu, amwache. Mama Pasi aliona kwamba mama yake amelelewa kwa adabu mno, hata mbwa wa watu anamwonea haya.

Basi akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa seremala mwenye sauti ndogo na karakana kubwa, na mikutano ilifanyika humo humo karakanani, watu wamekaa kwenye mbao zisizorandwa. Mama Pasi alikuja na ushahidi. Alilikunjua shuka mbele ya watu, akalishika pembe mbili, akaeleza kwa ufasaha wa mtu wa kazi: nyayo za mbele hizi, za nyuma hizi, mnyama huyu amelivuta kwenye kamba. Akaeleza habari ya mama na nyonga. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mwanamke mmoja muuza mkaa akasema kuna watu hawajui kufuga, wanajua kuacha.

Mwenyekiti akamuuliza Dereva kama ni kweli mbwa anazurura. Dereva alisimama. Alimtazama Mama Pasi mara moja, kwa macho ambayo yeye aliyachukulia kuwa ya mtu aliyenaswa.

"Kosa ni langu," alisema. "Namfungulia mwenyewe."

Hapo kila mtu akapata la kusema. Waliokuwa wakibebewa mizigo yao bure na lori la Dereva miaka ile, hata hao, walimpaka matope. Likaamuliwa kwamba mbwa aondoke mtaani. Dereva hakubisha. Kesho yake alimpeleka kwa mpwa wake, nje ya mji, na jioni alionekana akirudi na kamba mkononi. Mama Pasi alilitia lile shuka kwenye mfuko, bila kulifua, endapo kutatokea rufaa, akatoa jingine kabatini kushika zamu yake, akaenda kumpa mama habari njema. Mama alisema amesikia. Akaomba taa izimwe mapema.

Mashuka yakawa safi. Lakini chakula kikaanza kubaki. Hapo awali sahani ya mama ilikuwa inakutwa tupu, imelambwa, na Mama Pasi alijisifu kazini kwamba mama anakula vizuri akiwa kwake. Sasa wali uligeuka mkavu chini ya kifuniko. Mama alisema mdomo hauna ladha. Redio ilikuwa imezimwa kila akirudi. Fimbo ilibaki ilipoegemezwa asubuhi. Akabadilisha mapishi, akaleta matunda, akanunua dawa ya kuleta hamu ya kula, akamgombeza kidogo. Mama akala vijiko vichache kwa ajili ya kumridhisha, akasema, "Sawa, mkubwa," ila utani ulikuwa umetoka. Mwili ulianza kumpungua, na hapo binti akaingiwa na hofu ya kweli.

Siku moja maji yalikatika hotelini, mashine zikasimama, na Mama Pasi akaruhusiwa kurudi mapema. Alikuta mama amelala, uso ukutani, mchana mweupe. Asijue la kufanya, akafanya analolijua: akaamua kufua. Akautoa ule mfuko wa ushahidi, maana rufaa haikuja, akalitumbukiza shuka kwenye beseni. Na kama afanyavyo kazini kabla ya kufua chochote, akashika pembe.

Mtu wa kufulia huweka alama. Mama alikuwa na mashuka mawili yanayofanana, na Mama Pasi alikuwa ameshona uzi mwekundu kwenye pembe ya moja na uzi wa bluu kwenye jingine, ili ajue lipi ni zamu yake. Lililokuwa mkononi lilikuwa na uzi wa bluu.

Asubuhi ya siku aliyolikuta na zile nyayo za ushahidi, shuka aliloanika kwenye kamba lilikuwa la uzi mwekundu. Alikumbuka vizuri. Lile la bluu alilitandika yeye mwenyewe kitandani, akachomeka pembe yenye uzi upande wa miguu, kama desturi yake. Mbwa hakuwa na namna ya kulichafua kwenye kamba, kwa kuwa halikuwa kwenye kamba.

Akaziangalia zile nyayo upya. Hazikuwa za tope bichi. Zilikuwa zimeshasuguliwa kwa sabuni ya kipande na maji baridi, kwa mikono isiyo na nguvu, zikaingia ndani ya nyuzi badala ya kutoka. Msichana yeyote wa kwake mwenye wiki moja kazini angeliona hilo. Yeye alilinyanyua mbele ya mtaa mzima na hakuliona. Mganga hajigangi.

Akaingia chumbani. Akalisogeza godoro kidogo upande wa miguu, na kati yake na ubao wa kitanda kulikuwa na manyoya mafupi ya kahawia, mengi, ya muda mrefu, na godoro limebonyea kidogo mahali ambapo miguu ya mama haikuwa ikifika. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni dogo na kipande cha sabuni. Basi mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika, aliyekatazwa kufua, alikuwa akitoa shuka kitandani kila siku, akilisugua akiwa amekaa, akitandika lile lililokauka kwenye kamba na kuanika hili mahali pake, ili mkubwa asijue.

Mama alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Nilikuwa namwita mimi," alisema. "Ukishatoka tu, nagonga dirisha, anakuja. Tunakula, tunasikiliza redio. Nikimwambia jambo, anainua lile sikio."

Mama Pasi akauliza kwa nini hakumwambia. Alijua alipouliza kwamba hakuwa na haki ya kuuliza.

"Ningekwambiaje? Unaamka gizani unanipikia, unanifulia. Nikuambie kwamba mchana kutwa nazungumza na mbwa? Ungejionaje?" Akavuta pumzi. "Yule mzee alitaka kumfunga. Nikamwomba sana amfungulie, na nikamwomba asiseme."

Binti alitamani mama amlaumu. Lawama ana namna ya kuijibu, huruma hana. Alikaa sakafuni karibu na lile beseni, akalia bila kujificha, na mama akanyoosha mkono akamshika kichwani.

Jioni ile alikwenda kwa Dereva. Alimkuta ameketi barazani, lile bakuli la mbwa limegeuzwa juu ya jiwe, safi. Alikuwa amepanga maneno njiani, ila hakuyatumia. Alisema tu kwamba amejua. Dereva akamsogezea kiti.

"Mzee, kwa nini ulikubali kosa lisilo lako? Watu wamekutukana."

"Ningesema nini, binti?" Dereva alisema taratibu. "Kwamba mama yako anagonga dirisha kumwita mbwa wangu? Watu wale wasingenitukana mimi. Wangekutukana wewe, na wewe una mama mgonjwa na kazi. Mimi nina muda."

Alimwomba amrudishe Spea, hata kesho. Hapo Dereva akatikisa kichwa. Alikuwa amekubali mbele ya watu, alisema, na akimrudisha kimyakimya atakuwa amewadanganya mara ya pili. Uongo mmoja unamtosha mzee. Aliyeomba mbwa aondoke ndiye aombe arudi, palepale.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi Mama Pasi. Kwa Dereva, aibu ilikuwa ya watu wawili. Kule karakanani ni muuza mkaa, ni mwenyekiti, ni majirani waliokuwa wakimsifu kwa kumtunza mama. Alifikiria uongo wa kila aina: kwamba amesamehe, kwamba kuna wezi na mtaa unahitaji mlinzi. Asubuhi alifunua sahani, akakuta chakula cha jana kama alivyokipakua. Akaenda kwa mwenyekiti kuomba mkutano.

Watu walijaa, maana ugomvi ukirudiwa hunoga. Alisimama mahali palepale, mikono mitupu. Akaanza kuzungukazunguka: kwamba ushahidi ule ulikuwa na kasoro, kwamba alikuwa na haraka, kwamba hasira hasara. Muuza mkaa akauliza, si kwa ubaya, mbwa aliingia kwake au hakuingia? Mama Pasi akasema aliingia. Basi kasoro iko wapi? Watu wakacheka kidogo. Pembeni akamwona Dereva anajiinua kwenye ubao, anasafisha koo, tayari kubeba tena.

"Kaa, mzee, tafadhali," alisema Mama Pasi. "Mbwa hakuzurura. Aliitwa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimwita, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mtu wa kuzungumza naye. Mzee huyu alilijua hilo, akanifichia. Na mimi nikaja hapa nikamdhalilisha."

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa alitazama chini. Mwenyekiti aliokota kipande cha msasa akakigeuzageuza, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba mbwa na arudi. Watu walitoka kwa kumpisha njia, wengine wakimpa pole kama mfiwa, na kila pole ilimchoma.

Spea alirudi mwisho wa juma, Mama Pasi akiwa jikoni siku yake ya mapumziko. Alikuwa ameomba kubadilishiwa zamu awe anarudi mchana, na hilo hakuwa bado amemwambia mama. Alitaka kumwambia wakati wa kula. Mbwa alipita mlango wa nyuma, akapita miguuni pake bila kumnusa, akajua pa kwenda. Dakika hiyohiyo redio ikawashwa. Halafu ikasikika sauti ya mama, nyepesi, yenye kicheko ndani yake, sauti ambayo binti hakuwa ameisikia tangu hospitali.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, mwanangu?"

"Abee, mama," Mama Pasi aliitika, na alikuwa ameshafika mlangoni na mwiko mkononi alipoelewa kwamba hakuitwa yeye.

Mbwa alikuwa amejilaza upande wa miguu, mahali pake, miguu yenye tope juu ya shuka safi. Mama akainua macho akamwona binti yake mlangoni. Kicheko kikakatika.

"Kumbe upo, mkubwa," alisema, na mkono wake ukavuta blanketi haraka kufunika nyayo.