Karatasi za Karanga

Houda alimkuta fundi Tajudini mbele ya meza ya karanga ya mama yake, mdomo umejaa, karatasi ameinyoosha juu ya boneti ya gari analotengeneza, anasoma kwa sauti ili gereji nzima isikie.

"'Avenyu yetu ina mafundi wengi na wanaume wachache.' Eee! Chabani, njoo usikie! 'Tajudini hunguruma kama fahali, lakini siku risasi zilipolia mtaa wa Kamenge yeye ndiye wa kwanza kuingia chini ya gari.'" Akacheka mpaka karanga zikamtoka. "Dada Houda, siku ile mi nilikuwa nafunga ekzosi! Andika na hiyo!"

Houda hakucheka. Mwandiko ule ulikuwa wake. Akatazama sinia la mama yake: karanga zimesimama kwenye vikaratasi vilivyoviringishwa, safu kwa safu, na kila kikaratasi kina mistari ya buluu anayoijua.

"Mama, kaye yangu iko wapi?"

Mama Mwanvua aliendelea kuviringisha. "Si hii hapa. Ingine imeshakwenda na wateja."

"Umechana daftari langu!"

"Nimechana. Jana basoda, hao wanajeshi, wamemutoa nyumbani kijana wa Mawazo, avenyu ya nane. Kisa, kaye yenye majina. Wakasema ni liste, orodha ya watu wa kuuawa. Ilikuwa timu ya mpira, Houda! Golikipa na wenzake! Leo wameanza kupekua huku kwetu. Ulitaka nifanye nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Mama, mule mlikuwa na maisha yangu!"

"Maisha yako yamesimama hapa, yananifokea mbele ya watu."

Hasira ilimpanda Houda hadi masikioni. Miaka miwili aliandika mule, tangu siku ya kwanza chuo kikuu. Profesa aliwafundisha kueleza huzuni za Wafaransa waliokufa zamani, kurasa nne, mwanzo na hitimisho, lakini hakuwafundisha namna ya kuandika kitanda cha jirani kilichobaki kitupu. Hilo alijifundisha mwenyewe, baada ya ule usiku wenzake walipouawa bwenini na watu waliokuwa wakila nao meza moja. Zamani alidhani kukua ni kujua maneno mengi. Sasa aliona kukua ni kujua yapi ya kumeza, na yalimkwama kooni. Kila mtu alimwambia hasira hasara. Hasara ya nani? Waliouliwa hawakuwa na hasira hata kidogo. Walikuwa wamelala.

"Umechana zote?"

"Zote. Isipokuwa ile moja."

Mama akaingia ndani, akanawa mikono, akarudi na msahafu umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Katikati yake akatoa karatasi moja, haina hata mkunjo.

Mama Mwanvua alisoma kwa maalimu, akazijua herufi za Kiarabu. Hizi za shuleni kwake zilikuwa nyayo za kuku. Kurasa zote alizichana bila kujua zinasema nini, lakini juu ya hii aliona, kwa Kiarabu, *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un*, sisi ni wa Mungu na kwake ndiko tunarejea.

"Maneno ya Mungu hayafungiwi karanga," akasema, kama mtu anayengoja ahsante.

Houda aliipokea. Chini ya Kiarabu kile yalifuatana majina tisa.

"Mama. Liste ndiyo hii."

"Liste gani?"

"Ya wenzangu waliokufa. Umechana upuuzi wangu wote, ukaficha hii itakayotuua!"

Huko mwanzo wa avenyu lori la jeshi lilizima injini. Milango ikaanza kugongwa.

"Tuchome," Houda akasema.

"Tutachoma. Kwanza soma."

"Mama, wamefika!"

"Soma, nimesema! Mi nimehifadhi juzuu mbili kwa sikio tu. Majina tisa yanishinde?"

Wakachuchumaa kando ya jiko la mkaa. Houda anasoma, mama anafuatisha huku akiyumba, kama mtoto mbele ya maalimu. Melchior, anaazima sabuni harudishi. Joëlla, anaimba vibaya akifua. Xavier, anaogopa radi. Walipofika kwa Télesphore mama alisita.

"Hawa Wakristo. Na wao umewaandikia Inna lillahi?"

"Kwani wao wamerudi kwa nani?"

Mama akatafakari kidogo. "Endelea."

Karatasi ikaungua. Jivu lake mama alilitia kwenye kikombe cha maji, akamwaga penye shina la mpapai, mahali pasipokanyagwa. Alikuwa hajarudi mezani askari walipoingia.

Walipindua magodoro, wakamwaga mchele, wakafungua hata sufuria. Hawakupata kitu. Mmoja, wakati wa kutoka, akachukua karanga bila kuomba, akazimimina mdomoni, akaitazama karatasi. Akasoma kwa shida.

"'Siku moja watu watanisoma.' Nani anaandika hapa?"

Ya Tajudini ilionekana miguu tu, chini ya gari.

"Karatasi tunanunua sokoni, afande," akasema Mama Mwanvua. "Wanapima kwa kilo."

Askari akaikunjakunja, akaitupa kwenye oili chafu ya gereji, akaenda nyumba ya pili. Houda aliitazama ikinywa weusi, neno moja baada ya jingine. Kucha zilikuwa zimemwingia viganjani. Alitaka kupiga kelele kwamba ni mimi, mwandishi ni mimi, na mama yake alikuwa amemshika kanga kwa nyuma, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea.

"Hasira hasara, mwanangu," akamnong'oneza. Kisha akakaa, akavuta sinia, akaanza kuviringisha tena, midomo ikicheza. "Melchior, wa sabuni. Joëlla, wa kuimba. Télesphore..."

"Umemruka Xavier," Houda akasema, meno yamekazana.

"Wa radi."

"Wa radi. Anza upya."